Mimi Ndiye Niliyeilisha Ile Mimea

Bani Malik, Jeddah

Mdogo wangu mpenzi Mwanaidi,

Ile mimea iliyomfunga mumeo Hamisi kule Riyadh, mimi ndiye niliyeilisha. Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili mkono usighairi, maana mara tatu mwezi huu nimeanza barua hii kwa salamu nzuri, nikaishia kukuuliza habari za minazi na kutia jina langu chini kama mtu asiye na neno.

Basi limeshatoka. Sasa nakusalimu. Hujambo wewe, na wanao wote hawajambo? Mguu wako wa kushoto umepoa, au bado unavimba ukisimama sana jikoni? Na lile paa la upande wa uani, mafundi walirudi kulimaliza au walikula chakula chako tu wakaenda zao?

Mimi sijambo ya kuandikia. Moyo umechoka. Daktari alinieleza kwa upole, na Salma wangu, ambaye ni nesi na anajua maana ya kila neno la daktari, akatoka kwenda kununua juisi ambayo hakuna aliyeiomba. Nikaelewa. Miguu imejaa maji, na kutoka kitandani mpaka dirishani napumzika mara mbili. Chumvi nimekatazwa. Maji napimiwa kwa kikombe chenye mstari, nikizidisha nagombezwa. Nakasirika, Mwanaidi. Nakasirikia kikombe, nakasirikia ngazi za jumba hili, nakasirikia kalamu hizi zinazokauka kila baada ya mistari kumi. Lakini hasira yenyewe si ya hivyo vyote.

Ujumbe wako wa sauti ulifika. Salma aliufungulia simu ikiwa juu ya mto wangu, nikakusikia kama umekaa ukingoni mwa kitanda: "Kaka, shikamoo. Binti yetu Zuhura anaolewa Mfungo Saba, inshallah. Shekhe amesema walii wa kumuozesha akiwa fasiki, uwalii unahamia kwa ndugu yake, na Bakari amekubali kusimama. Lakini Hamisi anakataa, anasema hakuna aliyemwona akitenda ufasiki. Wewe ulikuwepo, kaka. Wewe ni msomi, neno lako linatosha. Tuma sauti tu, shekhe asikie kwa masikio yake."

Salma akanisogezea simu mdomoni. "Sema basi, baba. Shangazi anangoja."

"Nitaandika."

"Baba, nani anaandika barua siku hizi? Shangazi itabidi atafute mtu wa kumsomea."

"Shangazi yako alinishinda kusoma tangu darasa la nne."

"Haya, andika. Ukichoka usiseme sikukuambia."

Kwa hiyo naandika akiwa kazini. Barua ataileta Bi Tatu, mpishi wa nyumba ya jirani, aliyemaliza mkataba na anarudi Tanga wiki ijayo. Ni mwaminifu, ila ana mdomo, ndiyo maana bahasha nimeipaka gundi pande zote.

Nusu ya habari unaijua. Nilipokuwa Riyadh, ofisi yetu ikiwa Al-Murabba, kazi yangu ilikuwa lishe ya mimea katika bustani ambazo kampuni ilizitunza. Nyumbani mlisema kaka ni meneja Uarabuni. Nilikuwa mtu wa kukoroga mbolea kwenye mapipa na kuwafundisha wengine kukoroga. Nilisoma Morogoro nikijua nitawalisha watu: mahindi, mpunga, maharage. Nikaishia kulisha nyasi ambazo hakuna ng'ombe atakayezila, na maua ambayo yakianza tu kupendeza yanang'olewa kwa kuwa mkubwa fulani atapita na anataka rangi nyingine. Nikisema udongo huu umejaa chumvi, tuuoshe kwanza, naambiwa, "Mafi muda, hakuna muda, panda." Nilipanda. Yalikufa. Tukapanda mengine. Hivyo ndivyo nilivyomaliza elimu yangu, na uchungu huo nilikuwa nao hata kabla Hamisi hajaja.

Hamisi nilimleta mimi. Nilimtafutia kafili, mwajiri wa kumdhamini, mzee mmoja mwenye jumba kaskazini ya mji, awe mtunza bustani. Mzee hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mgonjwa, hashuki ghorofani. Aliyetawala chini ni mwanawe, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyesoma ng'ambo, ambaye Hamisi alimwita bosi mdogo.

Ijumaa moja, baada ya sala, Hamisi alikuja chumbani kwangu kama kawaida yake. Hakugusa chai. Alitoa simu akanionyesha picha.

"Shemeji, hebu mtazame mgonjwa huyu ana nini."

Nilivaa miwani. Sikuhitaji kutazama mara mbili: jani la vidole saba, kingo kama msumeno.

"Hamisi, hii ni bangi."

"Najua ni bangi. Mimi nimetoka Muheza, sikushuka kutoka mbinguni. Nimekuuliza ina nini, sikukuuliza jina."

Akanieleza. Nyuma ya jumba kulikuwa na chumba cha wageni, madirisha yamezibwa kwa karatasi za fedha, taa zinawaka na kiyoyozi hakizimwi. Bosi mdogo alileta mbegu, akaweka ndoo ishirini za udongo, akamkabidhi Hamisi. Mimea ilikuwa inaharibika na bosi mdogo ameanza vitisho: ikifa, ikama ya Hamisi, kadi yake ya ukaazi, haitafanywa upya, na bila kadi hiyo mtu hawezi hata kutoka nje ya geti. Pasi yake ilikuwa kabatini mwa bosi mdogo.

"Mimi nimeomba ife," Hamisi akasema. "Ikifa yenyewe, Mungu ndiye aliyeiua, na bosi mdogo hawezi kumkamata Mungu. Nimekuja kukuuliza tu, wewe uliyesoma: itakufa lini? Nijue siku, nipande juu kwa mzee kabla mwanawe hajapandisha hasira, nimwombe anirudishe kwa Mwanaidi."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuyaongeza wala kuyapunguza. Mumeo hakuja kuniuliza namna ya kuiponya. Alikuja kuniuliza siku ya kufa kwake.

Nami ningemjibu, "Wiki mbili, usiiguse." Lilikuwa jibu la kweli, na halikuhitaji chuo. Badala yake niliikuza ile picha kwa vidole. Njano ilikuwa katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Ncha za majani zilikuwa za kahawia, zimejikunja kama kucha za kuku.

"Unailisha nini?"

"Ile mbolea nyeupe ya nyasi. Konzi moja kila ndoo, kila Jumamosi."

"Konzi!"

"Sasa nipime kwa mizani ya sonara?"

"Na maji?"

"Ya bomba, shemeji. Kwani kuna mengine? Mihogo ya kwetu haina tabia hizi. Unaichomeka, unaisahau, unakuja kuila."

Nilicheka na nilikasirika pamoja. Ndipo nilipoanza kumfundisha, na naapa sauti yangu siku ile ilikuwa ya furaha. Nikamwambia mmea wa kwenye ndoo hauna pa kukimbilia. Ukiumwagia konzi ya urea, chumvi inajikusanya kwenye udongo, mizizi inashindwa kunywa, na mmea unakufa njaa chakula kikiwa mbele yake. Nikamwambia maji ya bomba la Riyadh mengi ni ya bahari yaliyochujwa mpaka yakabaki matupu, hayana kalsiamu wala magnesi ya kutosha, na ile njano ya katikati ya mishipa ndiyo njaa ya magnesi. Kwanza osha udongo, maji yatoke chini ya ndoo. Uache ukauke kidogo. Kisha anza na robo ya kipimo, si konzi. Wakati wa majani, naitrojeni ndiyo nyingi. Ukiona maua, ipunguze naitrojeni, uongeze fosforasi na potasi, maana ukizidi kuulisha majani wakati wa maua utapata kichaka tu. Kila mara pima uchachu wa maji kabla hujamwagilia. Na mwishoni kabisa, maji matupu.

"Shemeji, haya mimi sitayakumbuka."

"Nitakuandikia."

Niliandika ukurasa mzima, wiki kwa wiki, vijiko kwa lita, kwa mwandiko wangu na kwa Kiswahili, nikiamini katika nchi ile hakuna mwingine atakayeusoma. Mbolea nilizitoa ghala la kampuni, nikamfungia katika makopo matupu ya maziwa ya mgando. Alisita mlangoni.

"Kwa hiyo haitakufa?"

"Haifi," nikasema. "Na ikifa sasa, watasema umeiua wewe makusudi. Ilishe."

Nilimtisha, Mwanaidi. Nilitumia hofu yake ileile ya bosi mdogo, nikaifanya yangu.

Baada ya wiki tatu picha zilibadilika. Kijani kilirudi kutoka juu kikishuka chini. Majani mapya yalitoka mapana, yamenyooka, hayana alama. Sijawahi kuona mmea unaonisikiliza namna ile. Miaka yote nimesema na udongo wa watu na haukunijibu, na huu ukanijibu. Nilikuwa napiga simu mchana, wakati wa mapumziko, kuomba picha. Nikiona jani limeanza kupauka namtumia marekebisho: punguza hiki nusu kijiko, ongeza kile. Siku moja Hamisi akaniambia, "Shemeji, siku hizi unaniuliza hali ya bangi kabla hujaniuliza hali yangu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekonda, na chumba kile kilimpa kikohozi, na nilimjibu kuhusu kikohozi kwa neno moja, kisha nikauliza kama maua yameanza.

Yalianza. Na maua hayo yana harufu ambayo karatasi za fedha haziizuii. Bosi mdogo alikuwa amesafiri ng'ambo jirani alipolalamika. Askari walipofungua mlango walimkuta Hamisi na ndoo yake, na ukurasa wangu umebandikwa ukutani kwa utepe, kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu, hataki kukosea vijiko.

Mimi sikukamatwa. Niliitwa. Kituoni walikuwa na karatasi wasiyoweza kuisoma, wakatafuta mtu wa lugha hiyo, na mtu aliyejulikana kuwatafsiria wafanyakazi wa kwetu mikataba na barua zao alikuwa mimi. Msimamizi wangu akanijia mezani: "Yalla, mzee, watu wako wanakuhitaji." Nikavaa koti. Nikaenda.

Wewe nilikupigia simu baadaye nikakuambia tamaa imemponza mumeo, kwamba alijua anachokifanya na alikifanya kwa ajili ya fedha. Nilikusikia ukilia, kisha ukasema jina lake lisitajwe tena mbele yako. Nikasema, "Ndiyo, mdogo wangu, vumilia." Miaka sita alikaa ndani. Wewe ulichokipata kutoka kwangu kwa miaka hiyo sita ni neno vumilia. Alipopata nafasi ya simu huko gerezani alinipigia mimi, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Shemeji, Mungu akulipe kwa kuja siku ile. Bila wewe ningekuwa bubu mbele yao." Nilihamia Jeddah kwa Salma, nikabadilisha namba, nikasema ni kwa ajili ya moyo wangu.

Sasa karudi, na mnataka asimuozeshe bintiye, na mnataka neno langu liwe ndilo la kumvua uwalii. Neno langu ndilo hili. Msomee shekhe barua yote, usiruke mstari. Hamisi alimwagilia mimea ya haramu akiwa ameshikwa pasi, na alikuwa akiomba ife. Kama hilo ni ufasiki, shekhe aseme, yeye ana elimu yake. Lakini yule mnayemdhania, fundi wa bangi aliyeandika ratiba na kupima vijiko, huyo si baba yake Zuhura. Huyo ni mjomba wake. Mwacheni Hamisi akae mbele ya shekhe siku hiyo, ashike mkono wa bwana harusi, atamke mwenyewe. Na wewe umfungulie mlango. Sikuombi msamaha wangu, naomba mlango wake.

Salamu nazitoa hapa, kabla ya la mwisho, kwa sababu baada yake sitakuwa na uso wa kumsalimu mtu. Mpe shikamoo yangu Bi Khadija, mjane wa baba mdogo, mwambie kahawa aliyonitumia niliinywa hata nilipokatazwa. Msalimie Bakari, ndugu yake Hamisi, mwambie sina kinyongo naye, alikubali uwalii kwa kuwa alidanganywa kama wewe. Msalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado yuko. Zuhura mbusu kipaji cha uso kwa niaba yangu, umwambie mjomba anamwombea mume mwenye kusema kweli mapema. Hamisi usimpe salamu. Mpe barua, aisome mwenyewe, akae peke yake.

Ndimi kaka yako, Idrisa. Jina naliweka hapa. Lililobaki ni hili.

Nimeandika mpaka sasa kana kwamba kosa langu kituoni lilikuwa kunyamaza. Laiti ningenyamaza.

Walinipa kiti na kahawa. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, aliniita ustadhi. Hamisi alikaa kwenye benchi ukutani, na aliponiona mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kiarabu chake kilikuwa cha bustani tu: maji, jembe, leta, peleka. Nikapewa karatasi yangu mwenyewe. Niliitafsiri mstari kwa mstari, vijiko na lita, sauti yangu haikutetemeka. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anajua kazi." Kisha akanieleza, kwa kuwa alinihesabu mwenzake, kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mtumishi aliyeamrishwa kumwagilia na fundi aliyepanga kilimo. Kwa mtumishi, yeye mwenyewe angeandika kwamba aliamrishwa. Kwa fundi, hana la kuandika.

Akasema, "Muulize kama karatasi hii ameiandika yeye."

Nikamgeukia mumeo. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Hamisi, anauliza kama ni wewe uliyekuwa ukimwagilia maji."

Akaniangalia machoni, akasema, "Ndiyo, shemeji. Mwambie ukweli, ni mimi."

Nami nikamgeukia afisa, nikamwambia kwa Kiarabu safi, "Anasema ndiyo, ameiandika yeye."